Siku ya Tatu

Lango la Kamakhya limefungwa siku tatu.
Mungu wa kike yuko mwezini:
ndivyo walivyonijibu wenyeji wa kilima, bila kupepesa macho,
na Brahmaputra huko chini imeiva rangi ya tofali.
Siku hizi hakuna anayelima, hakuna anayechimba hata shimo la mhimili.
Ardhi nayo ni mwanamke. Iachwe ipumzike.
Nikalala kwenye ngazi pamoja na maelfu,
buti zangu za ulinzi, za lindo la Bengaluru,
nimezifanya mto, juu ya mto.

Siku ya nne lango likafunguka.
Kuhani akanipa kitambaa chekundu
kisichozidi upana wa kiganja.
Nikakikunja nyuma ya kitambulisho cha kazi,
nikashika njia kumtembelea mama.

Njiani, mvua.
Kizuizini Hiranya, dereva, akapewa kadi iliyopigwa muhuri wa saa:
ukifika ng'ambo mapema mno umekimbiza gari, unalipa faini.
"Maji yameingia mbugani," akasema. "Wenye nyumba wanahama."
Na kweli walihama.
Kulungu kwanza, kwa makundi, miguu ikitetemeka.
Halafu yeye, pembe moja, ngozi kama mabati yaliyogongwa misumari,
matope hadi tumboni,
akasimama katikati ya lami.
Malori yakazima injini.
Mtoto mmoja akapiga chafya, akazibwa mdomo.
Kifaru hakututazama hata kidogo.
Alikuwa na safari yake ya milima ya Karbi,
na ndama nyuma yake aliyeshindwa kupanda ukingo.
Akarudi. Akamsukuma kwa pua, mara moja, mara mbili.
Utotoni nilimfukuza huyu, au babu yake,
kwa debe na mwenge, alipoingia mpungani kwetu.
Siku hizi wageni hulipa kumwona.
Mimi nilimwona bure,
na machozi yakanitoka, hadi leo sijui ya nini.

Shamba la Dolguri ni kijani hadi macho yanachoka.
Mgeni husema: hii ni pepo.
Mgeni hajainama ndani yake.
Mama yangu, Sumari, alikuwa safu ya tisa,
mkanda wa kikapu umemchimba mfereji kwenye paji la uso,
vidole vyeusi kwa utomvu,
majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi,
hadi kilo ishirini na nne; zikipungua, na ujira unapungua.
Jioni akanipikia chai:
vumbi la kiwandani, maji, chumvi.
Ile nzuri hatujui ladha yake. Tunaijua uzito.

Nikamsimulia habari za hekalu.
Akasikiliza akichambua dengu, akitupa vijiwe mlangoni.
"Siku tatu?"
"Siku tatu, mama."
"Na hakuna anayemgusa?"
"Hakuna."
Akacheka mpaka dada yangu Budhni akatoka jikoni kuuliza kuna nini.
"Mwanangu, wewe nilikuzaa Jumanne.
Jumatatu nilipima kilo ishirini na sita.
Na mwezini nimeingia na kutoka humo humo kwenye mistari,
miaka thelathini na mmoja.
Mizani haikuuliza."
Kisha akanyamaza, akaokota punje moja ya dengu sakafuni,
akaipuliza, akairudisha kwenye ungo.

Nikatoa kitambaa.
Nilidhani atakining'iniza ukutani, juu ya sanduku,
penye ubani na kalenda ya mwaka juzi.
Alfajiri nikamkuta amekishona kwenye mkanda wa kikapu,
pale panapokutana na paji la uso.
"Hapa ndipo panapouma," akasema.

Siku mbili nilikuwa mgeni.
Ya tatu akanitupia kikapu cha Budhni, hakusema neno.
Mistari ilikuwa imelowa.
Nikainama.